Nilinunua zote mbili

Siku tatu kabla ya Idd nilisimama kwenye kaunta ya duka la leso, Mtaa wa Biashara, jasho likinishuka mgongoni chini ya buibui, nikashindwa kuchagua. Muuzaji alikuwa amenitandazia doti mbili za leso moja. Ya kwanza nyekundu kwa nyeusi. Ya pili kijani, mji wake, yaani katikati, zambarau. Pindo lilelile, korosho zilezile pembeni, na jina lilelile kwa herufi kubwa: MTAKA YOTE HUKOSA YOTE.

Nikaikunja nyekundu, nikaikunjua. Nikaipeleka ya kijani mlangoni niione kwenye jua. Nikarudi.

"Chukua zote mbili, dadangu," muuzaji akasema, macho yake yako kwa mteja mwingine. "Ukija kesho hukuti kitu."

Nikachukua zote mbili.

Tuktuk ilikuwa imekwama kwenye foleni ya Mwembe Tayari nilipofungua mfuko kuziangalia tena, na hapo ndipo jina likaniingia. Nilicheka kwa sauti. Dereva akanitupia jicho kwenye kioo, akaona mama mzima anacheka na mfuko, akaongeza redio.

Nyumbani nilifungua kabati nikahesabu. Doti 38. Tisa hazijakatwa wala kupindwa. Pamoja na hizi mbili, 40.

Jambo lenyewe lingepita, maana si mara ya kwanza kabati hilo kuniaibisha. Ila mwaka huu tulikuwa na mgeni.

Begi moja na Mjerumani mmoja

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma falsafa chuo kikuu. Kila Ramadhani huja kukaa kwetu Majengo, kwa sababu anazozijua yeye na sufuria zangu. Safari hii alikuja na begi moja na Mjerumani mmoja ndani ya simu yake: mwanafalsafa Arthur Schopenhauer, aliyezaliwa mwaka 1788 Danzig, mji wa bandari ambao siku hizi uko Poland na unaitwa Gdańsk.

"Khalati," aliniambia usiku wa kwanza baada ya futari, "maisha ni pendulamu. Ukiwa huna unachokitaka, waumia. Ukikipata, wa... wa..." Akatafuta neno. "Waboeka. Halafu waanza kutaka kingine. Huku maumivu, kule kuboeka, mpaka siku ya kuzikwa."

Mama yangu alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi. Tulidhani amesinzia.

"Akinai," akasema kutoka kitandani. "Sema akinai. Kuboeka ndiyo nini?"

Mpwa akaiandika kwenye daftari. Mimi nikabaki nayo usiku kucha. Maana kukinai, mkizingatia, ni neno la ajabu. Mtu aliyeridhika na alicho nacho amekinai. Mtu aliyekula halua mpaka inamkirihi naye amekinai. Mjerumani alihitaji kitabu kizima kuonyesha kwamba kuridhika na kuchoshwa ni majirani wa ukuta mmoja. Mama alilitoa kwa kitenzi kimoja, akageukia upande wa pili.

Kuhusu pendulamu, nilimwambia mpwa kwamba Mombasa hatuna haja nayo. Tuna feri. Upande wa Likoni watu wanasukumana wafike kisiwani, upande wa kisiwani wanasukumana wafike Likoni, na chombo chenyewe hakijali nani ana haraka ya nini. Akasema nimeelewa kabisa. Kisha akachukua sahani ya tatu ya biriani.

Sikusema kitu. Niliitazama tu sahani.

Alasiri, Marikiti

Nilitaka kumshinda. Nina umri wa kumzaa, nimezika baba, nimelea watoto wawili, siwezi kuambiwa na kijana wa miaka 21 kwamba raha haipo. Ubaya ni kwamba Ramadhani ni mwezi mbaya wa kubishana na Schopenhauer.

Nendeni Marikiti saa kumi alasiri mkiwa na swaumu. Mtu huyo aliyeshika kikapu simjui. Anataka maembe, anataka mabungo ya juisi, anataka ukwaju pia iwapo mabungo yatakuwa makali. Ana boga la nazi nyumbani lakini amenusa sambusa kwenye karai la mtu, basi anataka sambusa. Anataka mkate wa mofa wa moto, na anataka tambi, ambazo hata hazipendi. Anazipenda saa kumi alasiri tu.

Magharibi inaadhiniwa. Tende moja, maji. Tende ya pili.

Halafu kaimati. Nieleze kaimati kidogo, kwa kuwa hapo ndipo Mjerumani aliponipata. Ya kwanza, shira yake imekauka juu ikawa kama kioo chembamba. Unauma, inavunjika, ndani kuna mvuke na harufu ya iliki, na kwa muda kama wa kupepesa jicho hapana kitu kingine duniani. Ya pili ni tamu. Ya tatu ni kaimati. Ya nne unaila kwa sababu iko hapo. Ya sita imebaki sahanini, shira imeanza kulegea, na wewe uliyeizunguka karai tangu saa tisa huwezi hata kuitazama.

Robo saa. Kikapu kizima, safari nzima, ubishi wote na muuza mabungo, vimekwisha kwa robo saa, na vilivyobaki vinatafuta nafasi kwenye friji.

Schopenhauer anasema hivi: raha haina mwili wake. Ni maumivu yaliyonyamaza. Tunachokiita furaha ni ile kimya baada ya njaa kukatika, na kimya hakikai. Kwake tamaa iliyotimizwa ni kama sadaka anayotupiwa mwombaji: inamvusha leo ili kesho aendelee kuteseka. Nilipoisoma hiyo kwenye simu ya mpwa, mikono bado inanata shira, nilimrudishia simu yake bila neno.

Usiku huo nililala nikiwaza leso ya bluu niliyoiona kwa jirani.

Mwenye maneno haya alikuwaje?

Nilipoona nashindwa kwenye hoja, nikafanya kama tunavyofanya mtaani. Nikaanza kumchimba mtu mwenyewe.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri. Alimchagulia mtoto jina Arthur kwa kuwa linaandikwa sawa katika lugha kadhaa za Ulaya, jambo la manufaa kwenye biashara. Mwana wa bandari yoyote ataielewa hesabu hiyo. Baba alipofariki mwaka 1805, kijana akaja kurithi fungu lililomtosha kuishi bila kuajiriwa. Kwa hiyo huyu bwana aliyetufundisha kwamba kutaka ni mateso hakuwahi kudaiwa kodi ya nyumba akakosa. Nililiweka hilo kando kama ushahidi wa kwanza.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwishoni mwa mwaka 1818. Hakikununuliwa. Sehemu kubwa ya nakala ikaishia kuwa karatasi chakavu. Mwaka 1820 akaanza kufundisha chuo kikuu cha Berlin, akachagua kwa makusudi saa ileile aliyokuwa akifundisha Hegel, mwanafalsafa aliyekuwa akijaza kumbi wakati huo. Wanafunzi wakaenda kwa Hegel. Ushahidi wa pili: mtu aliyekwisha kuizima tamaa hapangi ratiba namna hiyo. (Miaka hiyohiyo, hapa Mvita, Muyaka bin Haji alikuwa akitunga mashairi ya vita, ya mahaba na ya kuwatania watu, na wenye mji wakiyashika kwa moyo. Hakuhitaji ukumbi.)

Mwaka 1831 kipindupindu kikaingia Berlin. Mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba kutokuwapo ni bora kuliko kuwapo akafunga mizigo akakimbia. Hegel alibaki, akafariki mwaka huohuo. Schopenhauer akahamia Frankfurt, akaishi huko karibu miaka 30 na mbwa wake wa manyoya, akipiga filimbi kila siku na kula chakula cha mchana hotelini kwa hamu iliyowashangaza watu wa meza za jirani. Uzeeni sifa zilipomfikia, akawa anawaomba wafuasi wake wamtumie kila gazeti lililomtaja.

Hapo nilimhurumia kidogo. Mimi pia hufungua ukurasa huu usiku kuona mmesoma wangapi.

"Sasa," nikamwambia mpwa, "huyu si mnafiki?"

Alikuwa na jibu, na nakiri lilikuwa zuri. Akasema swali hilo Schopenhauer alilijua na alilijibu mwenyewe: mchongaji wa sanamu nzuri si lazima awe na sura nzuri. Kuieleza njia ya walii ni kazi moja, kuwa walii ni kazi nyingine.

Kisha akanisimulia habari za Toulon. Mwaka 1804 Schopenhauer alikuwa na miaka 16, yuko matembezini Ulaya na wazazi wake, wakapita bandari hiyo ya Ufaransa walikofungwa maelfu ya watu kwa minyororo, wengine kwa maisha yao yote. Kijana alitazama, na hakuweza kusahau. Watu wenye mizigo ya safari na nguo nzuri walipita, wakatazama, wakaendelea na matembezi. Yeye alibaki akijiuliza watu wale wanaamkaje kesho yake asubuhi.

Hapo nikanyamaza. Mtu wa pwani hii hawezi kuicheka habari ya minyororo bandarini.

Nikaufuta ushahidi wa kwanza. Wa pili nimeubakiza.

Mabano ya nungunungu

Mpwa alinisomea pia kisa chake cha nungunungu, kimo katika kitabu cha mwaka 1851. Siku ya baridi nungunungu wanasogeleana wapate joto, miiba inawachoma, wanaachana, baridi inawarudisha, mpaka wanapata umbali wa kuvumiliana. Ndivyo walivyo binadamu, anasema.

Nungunungu hao hawakuwahi kulala nyumba ya vyumba viwili Majengo wakati wa kaskazi. Tungewaona kila mmoja kwenye sakafu yake, mbali, hakuna anayetaka joto la mwenzake, na vita vingekuwa juu ya nani alale chini ya panka.

Kukata tamaa

Idd ikapita. Wiki ya pili ya Shawwal, Mama akaacha kutaka.

Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alikuwa na kifua kidogo, daktari akampa dawa, kifua kikapona. Yeye ndiye hakurudi. Asubuhi nilimuuliza, "Mama, wataka chai?" Akasema, "Sitaki kitu." Mchana uji, sitaki kitu. Nimfungulie redio? Sitaki kitu. Nimpigie kaka simu azungumze naye? Akageuza uso taratibu, bila hasira, akatazama panka.

Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akitaka. Alitaka pazia libadilishwe, alitaka habari za harusi, alitaka kujua nani kaweka nazi ya kopo kwenye mchuzi, na alijua kwa kunusa.

Siku ya pili, siku ya tatu. Hakulalamika maumivu. Uso ulikuwa umetulia, umetulia vizuri, na utulivu ule ulinitisha kuliko homa yoyote. Dada alipiga simu kutoka Nairobi mara tano kwa siku. Kaka akaja kutoka Kisauni, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliye benki. Mpwa alikuwa barazani na simu mkononi, imezimwa.

Niliketi karibu naye.

"Mjerumani wako," nikamuuliza, "anasema tufanye nini mwisho wake? Dawa yake ni ipi?"

Hakutaka kujibu. Nikamshikilia. Akasema kwamba kwa Schopenhauer wokovu ni utashi kunyamaza. Mtu anafika mahali hataki tena. Hakuna kinachomvuta, hakuna kinachomkera, anaitazama dunia kwa utulivu. Anasema walii wa kila dini walifika hapo.

"Na kwa Kiswahili tukiite nini hicho?"

Akawaza. Kuacha kutaka? Kuikana nafsi? Tukajaribu hili na lile, na sote wawili tulikuwa tumekwisha kulifikia neno, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Kukata tamaa.

Hilo ndilo lililonikera wiki zote hizi, na ndilo lililonikalisha niandike. Lugha yetu haina huruma na tamaa. Ukisema fulani ana tamaa, umemtukana. Tamaa mbele, mauti nyuma, tumeimbiwa tangu madrasa. Halafu mtu huyohuyo akiikata hiyo tamaa tuliyomlaani nayo, tunakimbia na maji ya Zamzam. Usikate tamaa, imeandikwa kwenye matatu, kwenye mimbari, kwenye kadi za pole, na nina hakika kwenye leso mojawapo kati ya zangu 40. Ukiwa nayo wewe mbaya. Ukiikata, watu wanakuja kukaa nawe barazani kimya.

Sikuwa najua tunataka mtu asimame wapi. Bado sijui vizuri.

Nilimkumbuka yule mshairi wa Pate aliyetunga Al-Inkishafi. Mama ndiye aliyenisomea beti zake nikiwa mdogo, kwa moyo, bila kitabu. Yale majumba ya matajiri yaliyowaka taa, leo popo wananing'inia ndani. Madaka yaliyopangwa vyombo vya kigeni, leo wamelala makinda ya ndege. Hakuna Mjerumani atakayetuongezea kiza juu ya hicho. Lakini mshairi yule anauandama moyo wake mwenyewe, anaubembeleza, anaukemea, anataka usikie. Anataka sana. Na Mama aliyenisomea beti hizo usiku, asubuhi aliamka akagombana na muuza samaki kwa shilingi mbili.

Papa

Siku ya nne, baada ya alfajiri, niliingia kumgeuza.

"Nataka papa," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Wataka nini, Mama?"

"Papa. Wewe hujui papa?"

Papa mkavu, aliyetiwa chumvi akaanikwa, anayenuka mpaka nyumba ya tatu. Mama ana presha. Daktari alikwisha kutuambia habari za chumvi, na alituambia akiwa ametutazama mmoja mmoja machoni.

Tukafanya kikao kwa simu saa moja asubuhi. Kaka akasema haiwezekani. Dada akalia, kisha akauliza kama Marikiti imefunguliwa. Kaka akasema tena haiwezekani, na chumvi ile, akauliza tutamloweka kwa maji mangapi. Tulipokuwa bado tunabishana nikasikia mlango wa mbele. Mpwa wangu, mwanafunzi wa Schopenhauer, alikuwa anakimbia Majengo na ndara za chooni, shati limegeuzwa ndani nje, kumtafutia bibi yake papa.

Alirudi na vipande vitatu vimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amebishana bei, akaniambia kwa fahari.

Nilimtia papa maji ya moto nikamwaga. Mara ya pili nikamwaga. Mara ya tatu nilionja maji kwa ncha ya ulimi nikamwaga tena. Nikamchambua, nikampika kwa tui zito, ukwaju na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Harufu ikatoka nje bila kuaga. Jirani akapiga hodi kuuliza kama kuna mgeni.

Mama alikalishwa kwa mito miwili. Alikula tonge nne za wali. Nilizihesabu kama nilivyohesabu leso. Tulikuwa watu wanne mlangoni, tunamtazama mdomo.

Alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Chumvi hamna," akasema.

Kaka alitoka nje akasimama ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Mpwa alikaa palepale sakafuni.

Nilipoinama kumfuta mkono, Mama akakishika kiuno changu, akalivuta pindo la leso. Nilikuwa nimejifunga ile nyekundu.

"Hii mpya."

"Nilinunua Idd."

"Yasemaje?" Bila miwani haoni herufi.

"Yasema mtaka yote hukosa yote."

Akalipapasa pindo kwa kidole gumba, kama mtu anayepima kitambaa.

"Ilikuwako ya rangi nyingine?"

Nikaenda kabatini nikamletea ya kijani, nikamfunika nayo miguu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaivuta tena ile yangu, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu Shaabani.

"Na hii."

"Mama! Si nimekusomea sasa hivi? Mtaka yote..."

"Mimi sitaki yote," akasema. "Nataka hizi mbili."